Ganzi ya Kidole Inayoanzia Shingoni

Kidole gumba kikifa ganzi, wengi wetu tunahangaika na kidole. Tunakikanda kwa maji ya moto, tunakipaka mafuta ya kuchua, tunakivuta mpaka kilie. Kumbe ganzi yenyewe inaweza kuwa imeanzia shingoni, zaidi ya nusu mita kutoka pale tunaposugua. Shingo ndivyo ilivyo: neva zake zikibanwa, mara nyingi yenyewe hunyamaza, na kinacholalamika ni mkono, bega, sauti au pumzi. Asiyejua njia za neva zake anaweza kutibu panapouma kwa miezi huku panapougua pameachwa.

Huku Nyanda za Juu Kusini jambo hili lina uzito wake. Ndoo za maji, mizigo ya kuni na mikungu ya ndizi bado vinapanda na kushuka milima vikiwa kichwani. Bodaboda zinateremka kwenye ukungu asubuhi na abiria wawili nyuma. Wapo vijana wanaoangusha miti Sao Hill kule Mufindi, na wapo akina mama wazee ambao wameishi na goita tangu usichana. Kila mmoja wa hao anazijaribu neva za shingo kwa namna yake.

Neva, au mishipa ya fahamu, ni mafungu ya nyuzi nyembamba yanayopitisha taarifa kwa umeme mdogo wa mwili. Hazipitishi damu. Nyuzi nene zenye gamba la mafuta hupeleka taarifa kwa kasi inayoweza kukaribia mita 100 kwa sekunde, lakini zile nyembamba za maumivu hutambaa kwa mita 1 hivi kwa sekunde. Ndiyo maana ukijikwaa kidole cha mguu unahisi kishindo kwanza, halafu ndipo maumivu mazito yanafika.

Sasa tuingie shingoni, tuanze na hesabu inayowachanganya hata wanafunzi wa uuguzi. Pingili za shingo ni 7, ila jozi za neva zinazotoka shingoni ni 8. Neva ya kwanza hutoka juu ya pingili ya kwanza, kati yake na fuvu. Ya pili hutoka juu ya pingili ya pili, na kuendelea hivyo mpaka ya saba. Chini ya pingili ya saba inabaki nafasi moja, na hapo ndipo neva ya nane hupita. Madaktari huziandika kwa herufi C na namba, kuanzia C1 hadi C8. Ukiona kwenye cheti chako pameandikwa C6, wanazungumzia neva ya sita ya shingo au pingili ya sita, na vizuri umwulize daktari ni ipi kati ya hizo mbili.

Kila neva hutoka kwenye ugwe wa mgongo, yaani ule mkanda mkuu wa fahamu unaoshuka kutoka kwenye ubongo ndani ya pingili. Hutoka kwa mizizi miwili. Mzizi wa nyuma huingiza habari: joto, baridi, mguso, maumivu. Mzizi wa mbele hutoa amri kwa misuli. Mizizi hiyo inaungana na kupenya tundu dogo ubavuni, kati ya pingili moja na nyingine. Tabu nyingi za shingo huanzia kwenye tundu hilo. Mbele yake kuna diski, ile nyama ngumu inayokaa kati ya pingili kupunguza mshindo. Nyuma yake kuna kiungo kidogo cha mifupa. Diski ikitokeza nje, au kiungo kikiota vijifupa kwa uzee na kazi, tundu linakuwa jembamba na neva inabanwa.

Kichwa cha mtu mzima peke yake kina uzito wa kilo 4 hadi 5. Ndoo ya lita 20 iliyojaa ni kilo 20, bila kuhesabu ndoo yenyewe. Kwa hiyo pingili za chini za shingo ya mama anayepandisha maji kilimani zimebeba karibu kilo 25, na kila hatua inaongeza mtikisiko. Ngata husaidia mzigo ukae sawa na usiumize ngozi ya utosi, lakini uzito hauupunguzi. Picha za eksirei za watu waliobeba mizigo kichwani kwa miaka mingi zimeonyesha pingili za shingo zilizochakaa mapema. Hilo halina maana kwamba kila anayebeba ndoo ataumwa. Wengi wana pingili zilizochakaa na hawana ganzi hata siku moja. Tatizo huanza pale uchakavu unapoigusa neva.

Na ikiguswa, vidole ndivyo vinavyotaja neva ipi. C6 hupeleka hisia kwenye kidole gumba na upande wa mkono unaoelekea huko. C7 ni ya kidole cha kati. C8 ni ya kidole cha mwisho na jirani yake. C5 haifiki vidoleni kabisa. Ganzi yake inakaa upande wa nje wa mkono wa juu, chini kidogo ya bega. Misuli nayo ina mgawanyo wake: C5 ikilegea, kunyanyua mkono pembeni kunakuwa shida; C6, kukunja kiwiko na kuinua kifundo cha mkono; C7, kunyoosha kiwiko, kama mtu anayesukuma mlango; C8, kukamata kitu kwa nguvu. Inayobanwa zaidi kuliko zote ni C7, ikifuatiwa na C6, kwa sababu sehemu ya chini ya shingo ndiyo inayojikunja sana na kubeba zaidi.

Nilimsikiliza mama mmoja anayeuza ndizi Kiwira, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akifunga kifundo cha mkono wa kulia kwa kitambaa. Kidole gumba na cha shahada vilikuwa vinamchomachoma kama sindano. Nikamuuliza, "Shikamoo mama, usiku unalalaje?" Akajibu, "Marahaba mwanangu. Mpaka niuweke mkono juu ya kichwa ndo napata usingizi." Akauinua, akaulaza kiganja utosini, na uso ukatulia. Tendo hilo dogo linasema mengi. Mkono ukiwekwa kichwani, mzizi wa neva unalegea na hauvutwi tena dhidi ya kitu kinachoubana, na mwenye shida ya C5 au C6 huhisi nafuu papo hapo. Anayebanwa neva kwenye kifundo cha mkono, ambaye naye ganzi yake hukaa kidole gumba, cha shahada na cha kati, kwa kawaida hufanya tofauti: huamka usiku akikung'uta mkono. Mama huyu alikuwa hajawahi kuguswa shingo na yeyote aliyemtibu. Alipoelekeza uso juu na kuugeuza upande wa kulia, sindano zilishuka mpaka kidoleni.

Ganzi ya vidole vya mikono yote miwili pamoja na nyayo ni habari nyingine. Hapo hufikiriwa kisukari, upungufu wa vitamini, pombe, au dawa fulani, na shingo inaweza kuwa haina kosa lolote.

Neva za C5 hadi C8, pamoja na ya kwanza ya kifua, hazishuki mkononi kila moja kivyake. Zikishatoka kwenye matundu yake zinapita kati ya misuli miwili ya ubavuni mwa shingo, zinaingia nyuma ya mtulinga, na njiani zinaungana, zinagawanyika na kuungana tena. Ni kama stendi ya Makambako: basi linakuja kutoka Songea, jingine Mbeya, jingine Iringa, abiria wanashuka na kubadilishana mabasi, na basi linaloondoka hapo limebeba watu waliotoka sehemu mbalimbali. Mizizi mitano inaingia, na mwishoni zinatoka neva kubwa tano za mkono. Moja hukunja kiwiko, moja hunyanyua bega, moja hunyoosha kiwiko na kifundo, moja huongoza kidole gumba na hisia za vidole vitatu na nusu, na ya mwisho ni ya kidole kidogo na misuli midogo ya kiganja. Kwa mpangilio huo, kidonda shingoni na kidonda kiwikoni haviwezi kutoa dalili zilezile, na daktari makini anajua tofauti kwa kugusa ngozi na kupima nguvu tu, kabla hata ya kipimo chochote.

Makutano haya ndiyo yanayoharibika katika ajali za pikipiki, na hapa naomba msomaji anivumilie nikikaa kidogo. Kijana anateremka Mlima Nyoka, pikipiki inateleza, anarushwa na kutua kwa bega. Bega linasukumwa chini, kichwa kinakwenda upande mwingine, na neva zilizo katikati zinavutwa kama kamba. Za juu, C5 na C6, ndizo hupata mvuto mkubwa. Mfupa unaweza usivunjike hata mmoja. Eksirei inatoka safi, kijana anaambiwa amshukuru Mungu, anarudi nyumbani na mkono unaoning'inia ubavuni, kiwiko kimenyooka, kiganja kimetazama nyuma. Watu wa nyumbani wanaambizana kwamba mkono utarudi wenyewe, wakimkanda kila jioni.

Wakati mwingine kweli unarudi. Neva iliyovutwa bila kukatika inaweza kuamka ndani ya wiki au miezi michache. Iliyokatika huota upya kwa mwendo wa takribani milimita 1 kwa siku. Kutoka shingoni hadi misuli ya mkono wa chini ni kama sentimita 60, yaani siku 600, na misuli isiyopata neva huanza kufa kabisa baada ya mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Hesabu hiyo haina huruma. Ndiyo sababu mabingwa wa upasuaji wa neva hutaka kumwona majeruhi wa namna hii ndani ya miezi 3 hadi 6 ya kwanza. Ninaumia kila ninapoona kijana aliyekaa mwaka mzima akisubiri, kwa sababu mlango wake umefungwa wakati anakandwa.

Kuna alama moja ya kutazama usoni. Majeruhi akiwa na mkono uliolegea, halafu kope ya jicho la upande huohuo imeshuka kidogo na mboni imekuwa ndogo kuliko ya upande wa pili, hali ni nzito. Nyuzi zinazoipanua mboni na kuinua kope hutoka kwenye ugwe sehemu ya juu ya kifua, kisha hupanda shingoni kurudi kichwani. Zikiwa zimeumia pamoja na mkono, inawezekana mzizi wa neva umeng'olewa kwenye ugwe wenyewe, na mzizi uliong'olewa hivyo hauoti tena wenyewe. Huyo asisubiri hata mwezi.

Mkono wa namna hiyohiyo huonekana kwa baadhi ya watoto wachanga, bega likikwama wakati wa kuzaliwa na shingo ikavutwa. Wengi wao hupona. Mzazi aelekezwe namna ya kuvisogeza viungo vya mtoto ili visikakamae, na mtoto akifika miezi 3 bila kukunja kiwiko, apelekwe kwa bingwa.

Tupande juu kidogo. Kutoka C3, C4 na C5 hutoka neva mbili, kulia na kushoto, zinazoshuka mbele ya misuli ya shingo, zinapita pembeni mwa moyo na kufika kwenye diaframu, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Zinaitwa neva za freniki, na ndizo zinazoendesha pumzi. Inashangaza kwamba msuli ulio chini ya mbavu unatawaliwa kutoka shingoni, lakini mimba inapoanza, msuli huo huumbika karibu na shingo kisha hushuka, na neva yake hushuka nao. Kwikwi nayo ni mshtuko wa njia hii.

Ugwe ukikatika juu ya C3, mtu haendelei kupumua bila mashine. Ukikatika chini ya C5, anaweza kupooza mikono na miguu na bado akavuta hewa mwenyewe. Tofauti ya kuishi na kufa iko kwenye sentimita chache. Kwa hiyo aliyeanguka kutoka kwenye mparachichi, aliyeangukiwa na gogo, au aliyerushwa na pikipiki, asinyanyuliwe kwa kushikwa makwapa na miguu akakunjwa ndani ya bajaji. Mmoja ashike kichwa kwa mikono miwili kikiwa mstari mmoja na mwili, wengine watatu au wanne wamwinue kwa pamoja kwa hesabu ya aliyeshika kichwa, alazwe kwenye ubao au mlango uliong'olewa. Kama anapumua na hapo alipo hakuna hatari ya gari au moto, kuchelewa dakika kumi mkitafuta ubao ni bora kuliko haraka.

Neva hiyo ya pumzi ina siri nyingine. Ngozi ya juu ya bega inahudumiwa na C3 na C4, neva zilezile zinazopokea habari za diaframu, na ubongo huchanganya chanzo. Mtu aliyegonga mbavu za kushoto akaanza kuumwa juu ya bega la kushoto, ilhali bega lenyewe halina jeraha na linazunguka vizuri, anaweza kuwa na bandama iliyopasuka na damu inaichokonoa diaframu kwa chini. Bega la kulia likiuma hivyo, huenda ni ini au kibofu cha nyongo. Wapo waliopewa dawa ya kutuliza maumivu ya bega na kurudishwa nyumbani huku wakivuja damu tumboni.

Mbele ya shingo, ukishika pale mapigo yanapodunda, chini ya vidole vyako kuna kifuko kimoja chenye vitu vitatu: mshipa mkubwa wa damu upandao kichwani, mwingine ushukao, na katikati yao neva ya vagasi. Hii haitoki kwenye pingili. Inatoka moja kwa moja kwenye ubongo, inapita shingoni na kwenda hadi moyoni, mapafuni na tumboni. Tawi lake moja dogo hufika ndani ya sikio, na ndiyo maana baadhi ya watu wakisafisha sikio kwa pamba hukohoa ghafla.

Tawi lake jingine linahusu sauti, na njia yake ni ya ajabu. Badala ya kuingia kooni moja kwa moja, neva ya sauti ya kushoto hushuka hadi kifuani, huzunguka chini ya mshipa mkuu utokao moyoni, halafu hupanda tena mpaka kwenye nyuzi za sauti. Ya kulia nayo huzunguka, ila hugeuka juu zaidi, karibu na mtulinga. Kwa twiga safari hiyo ni ya mita kadhaa. Galen, tabibu wa karne ya 2, alionyesha mbele ya watu kwamba nguruwe anayepiga kelele hunyamaza neva hizi zikikatwa. Kwetu maana yake ni hii: sauti inaweza kukauka kwa sababu ya uvimbe au matezi yaliyo kifuani, ukiwemo ugonjwa wa kifua kikuu na saratani ya mapafu. Sauti iliyokwaruza zaidi ya wiki 3 bila mafua ichunguzwe koo na kifua, hata kama mwenyewe anasema amezidisha kuimba.

Wakati wa kupanda, neva hiyo hupita kwenye mfereji kati ya bomba la hewa na umio, nyuma kabisa ya tezi ya thairoidi. Hapo inakutana na goita. Milima yetu ilijulikana miaka mingi kwa goita, kwa kuwa mvua imeosha madini joto kwenye udongo na mazao yanayoota humo yana upungufu huohuo. Miaka ya 1980 vilitolewa vidonge vya mafuta yenye madini joto kwenye wilaya zilizoathirika zaidi, na tangu miaka ya 1990 chumvi ya kula imekuwa ikiongezwa madini hayo. Uvimbe kwa watoto umepungua sana. Bado wapo watu wazima wanaohitaji upasuaji, na swali la kumuuliza daktari kabla ya kusaini fomu ni moja: neva ya sauti mtaitafuta na kuilinda vipi? Ikiumia upande mmoja, sauti inakuwa nzito yenye pumzi. Zikiumia zote mbili, nyuzi zinaweza kuziba njia ya hewa. Kuna na tawi dogo la juu linalovuta nyuzi za sauti zikaze. Likiguswa, mama anazungumza vizuri kabisa, ila kwenye kwaya hafikii tena sauti ya kwanza.

Zilizobaki nizipitie haraka. Neva za kichwa, kundi la vagasi, nazo huhesabiwa kwa namba. Ya kumi na moja hushuka ubavuni mwa shingo, juujuu sana chini ya ngozi, na huinua bega. Jipu au tezi la shingo likipasuliwa ovyo, bega hushuka. Ya kumi na mbili husogeza ulimi. Ya tisa hupima shinikizo la damu pale shingoni panapodunda, na ukipakandamiza kwa nguvu moyo unaweza kupunguza mapigo mtu akazimia.

Hapo ndipo ninapogombana na kinyozi anayemaliza kazi kwa kukishika kichwa cha mteja na kukizungusha ghafla mpaka shingo ilie. Mlio unafurahisha, nakubali. Lakini ndani ya matundu ya pembeni ya pingili za shingo hupita mishipa ya damu iendayo nyuma ya ubongo, na msokoto wa ghafla unaweza kuichana ukuta wake na kumletea mtu kiharusi. Mwambie kinyozi kwa adabu kwamba shingo aiache.

Kuhusu matibabu, habari ni njema kuliko watu wanavyodhani. Wengi wenye neva ya shingo iliyobanwa hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12 bila kisu, kwa kupunguza mzigo, dawa za maumivu, na mazoezi ya kuimarisha shingo na mabega chini ya mtaalamu wa fiziotherapia. Mama wa Kiwira aliacha kubeba mkungu mzima kichwani na akaanza kuugawa kwenye ndoo mbili za mkononi. Eksirei huonyesha mifupa. Neva na diski huonekana kwa kipimo cha MRI, ambacho si kila ganzi inakihitaji.

Asiyepaswa kusubiri ni yule ambaye kilichobanwa ni ugwe wenyewe. Huyu mara nyingi haumwi sana, ndiyo maana anachelewa. Anashindwa kufunga vifungo vya shati, kijiko kinamponyoka, maandishi yake yanaharibika. Miguu inakuwa mizito na kukakamaa, anayumba gizani, na baadaye anashindwa kuzuia mkojo. Nyumbani watasema ni uzee. Mwambie afumbe na kufumbua ngumi haraka kwa sekunde 10. Mtu mzima mwenye ugwe salama kwa kawaida hufikisha mara 20 au zaidi. Akiwa chini ya hapo na mwendo wake umebadilika, asikandwe wala kupakwa chochote, apelekwe hospitali ya rufaa akiwa bado anatembea kwa miguu yake.